Kupamba nyumba kwa maua wakati wa sikukuu, Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka kuanzia katikati ya Novemba simu yangu haipoi. Mwenye wageni kutoka Dar, mwenye mkwe anayekuja kwa mara ya kwanza, mwenye kipaimara cha mtoto kilichogongana na Krismasi, wote wanauliza yaleyale. Nimeyaandika hapa na majibu ninayowapa. Nazungumzia Tabora mjini, ninakokaa na kupamba, ila Kigoma nao wana swali lao. Ukikuta jibu linakupeleka kwenye swali jingine, lifuate, maana sikutaka kurudia.

## Mambo ya mwanzo

Sina pesa ya maua ya dukani. Bado nyumba itapendeza?

Itapendeza, na mara nyingi kuliko ya mwenye pesa. Waridi la kununua linalofika Tabora limekatwa mbali, limelala ndani ya basi, na likifika mkononi mwako limebakiza siku mbili tatu. Zinia uliyoikata uani saa kumi na mbili asubuhi bado haijajua kama imekatwa.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuanza na picha ya kwenye simu, kisha kuhangaika mji mzima kutafuta maua ya kwenye picha. Anza kwa kuzunguka ua wako. Pita na kwa jirani, mwombe tawi moja moja. Ukishajua una nini, ndipo uamue utatengeneza nini.

Nahitaji vifaa gani?

Kisu au mkasi mkali. Mkasi butu unaponda kikonyo, na kikonyo kilichopondwa hakinywi maji vizuri. Ndoo mbili, waya mwembamba wa kufungia nondo, kamba ya katani, vijiti vya mishikaki. Basi.

Chombo chochote kinachoshika maji ni chombo cha maua: jagi la bati, chungu, kopo la maziwa ya unga ulilolizungushia kipande cha mkeka mkuukuu. Kibuyu kilichokatwa mdomo kinapendeza kupita vyote, lakini usimwage maji ndani yake moja kwa moja, kitaoza na kunuka. Tumbukiza ndani yake chupa ya plastiki uliyoikata nusu, maji yakae humo.

Nikate maua saa ngapi?

Alfajiri, kabla jua halijachomoza sawasawa. Ukishindwa, jioni jua likishazama. Ua la saa saba mchana lina kiu tayari, na ukilikata wakati huo hutalirudisha.

Nenda na ndoo yenye maji hadi kwenye mmea, usibebe maua mikononi ukizunguka nayo. Kata mshazari ili mdomo wa kikonyo uwe mpana na usikae bapa kwenye sakafu ya ndoo. Ondoa majani yote yatakayozama. Kisha acha ndoo kivulini saa mbili au tatu, maji yakifika karibu na shingo za maua, kabla hujaanza kupanga. Hatua hii ya kungoja ndiyo watu wanairuka, halafu wananipigia simu jioni kwamba maua yamelala.

Nianze na maua au majani?

Majani. Yatengeneze umbo kwanza: marefu katikati au nyuma, yanayolegea pembeni, mpaka mdomo wa chombo usionekane. Chombo kikipendeza kwa majani peke yake, maua machache yanatosha. Kama hakipendezi bado, maua hayatakiokoa.

Anza na ua kubwa zaidi, liweke chini kidogo ya katikati, mengine yapande na kushuka kutoka hapo. Usiyapange yote kwa kimo kimoja kama wanafunzi paredi. Na acha nafasi. Bibi mmoja niliyempambia Ng'ambo, hapa mjini, aliniambia, "Mwanangu, hata nyuki apate pa kupita."

Maua mangapi yanatosha sebule moja?

Chombo kimoja kikubwa mahali mgeni anapoangalia akiingia, na kidogo kimoja mezani. Sebule yenye vyombo vitano inafanana na duka.

## Maua gani, sikukuu ipi

Krismasi Tabora kuna maua gani?

Desemba ni neema. Mvua zimeanza Novemba na vumbi limetulia. Utapata kana nyekundu na za njano pembeni mwa mitaro, zinia kwa waliopanda mapema (tazama swali la kupanda), haibiskasi kwenye uzio, na barabarani mikrismasi, ile miti mipana inayowaka nyekundu kama moto.

Kwa majani, usidharau mwembe. Mji huu umejaa miembe tangu enzi za misafara, na majani yake magumu hukaa siku nyingi bila kunyauka. Yale machanga yana rangi ya shaba, na ukiyaweka pamoja na kana nyekundu hutahitaji utepe.

Haibiskasi ina tabia yake: ua moja, siku moja. Likiwa mtini, kwenye maji au limelazwa mezani, jioni linajikunja. Kwa hiyo usilipoteze kwenye chombo. Lichume asubuhi ya sikukuu, yalaze maua yake juu ya kitambaa cheupe katikati ya sahani, bila maji. Watu watauliza umeyapata wapi.

Maua ya mkrismasi yanapukutika nikiyaweka kwenye chombo. Nakosea wapi?

Hukosei. Ni mti wa kutazamwa ukiwa umesimama. Asili yake ni Madagaska, ukaenezwa duniani kwa ajili ya kivuli na rangi, na matawi yake yakikatwa hayadumu. Nikiyataka, natandaza maua yake yakielea kwenye sinia lenye maji kidogo, asubuhi hiyohiyo. Maganda yake marefu meusi, yaliyokauka kama panga, ni mali zaidi: yatunze kwa ajili ya kiangazi.

Nina ule mmea wa kadi za Krismasi, poinsetia. Mbona Desemba wangu ni wa kijani?

Kwa sababu mmea huo hauna habari na kalenda, unapima urefu wa usiku. Kwao ni Meksiko, kaskazini mwa Ikweta, ambako usiku wa Desemba ni mrefu, na usiku mrefu ndio unaogeuza majani ya juu kuwa mekundu (mekundu yale ni majani, maua yenyewe ni vile vitone vya njano katikati). Sisi tuko kusini, usiku wetu mrefu ni Juni. Unaoonekana mwekundu Desemba mara nyingi umelelewa kwa kufunikwa gizani kila jioni kwa wiki kadhaa. Ukitaka kuhangaika nao, haya. Mimi natumia kana. Kuhusu utomvu wake, tazama swali la utomvu.

Mti wa Krismasi natumia upi?

Tawi la mvinje au msindano, kutoka shamba la mtu aliyekuruhusu. Lisimamishe kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, na kila siku mimina maji kwenye mchanga. Weka mawe mawili juu yake. Watoto watalivuta tu.

Na Pasaka?

Pasaka huanguka kati ya 22 Machi na 25 Aprili, mvua zikielekea ukingoni, na uani kumejaa. Wengi wanataka meupe. Kama huna yungiyungi, tafuta yale maua meupe yenye kitovu cha njano yanayonukia jioni, franjipani. Kikonyo chake ni kifupi na kina utomvu, kwa hiyo yaelee kwenye bakuli pana, usiyasimamishe.

Matawi ya Jumapili ya Matawi ukitaka uyasuke na kuyatundika sebuleni. Lakini yakishabarikiwa usiyatupe jalalani, maana parokia huyakusanya yachomwe kupata majivu ya Jumatano ya Majivu mwaka unaofuata.

Idd kila mwaka ni mwezi mwingine. Najipangaje?

Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, kwa hiyo Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Idd el Fitr ya 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, kwenye mvua. Kufikia 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari, bado kwenye mvua, kwa hiyo kwa miaka hii maua yatakuwepo. Idd el Adha ya 2025 ilikuja mwanzoni mwa Juni, kiangazi kimeanza, ambapo bogenvilia ndiyo inashika usukani: mmea huu huchanua zaidi ukikosa maji, na kwenye mvua hukimbilia majani.

Nyumba ya Idd, kwa maoni yangu, haihitaji chombo kikubwa. Inahitaji harufu. Rihani iliyosimama kwenye glasi ndefu, asumini chache zilizotawanywa juu ya sinia tupu, udi umefukizwa asubuhi. Usiweke maua yenye harufu kali karibu na kalimati na visheti, harufu zitagombana. Udi uwe mlangoni na rihani mezani. Maua ya rangi yabaki pembeni kwenye stuli.

Julai hadi Oktoba kila kitu kimekauka. Napambia nini?

Vikavu vyenyewe. Huu ndio msimu ninaoupenda, ingawa wateja wangu hawaniamini mpaka waone. Masuke ya mpunga na mtama mwekundu baada ya mavuno, nyasi ndefu za porini zilizokatwa Mei au Juni kabla mbegu hazijaanza kudondoka, maganda ya mkrismasi, na matunda ya mninga. Tunda la mninga lichukue mkononi ulitazame: katikati kifundo chenye manyoya magumu kama miiba, pembeni utando mkavu wa duara wenye mawimbi, rangi ya chai ya maziwa. Matano yaliyofungwa kwa waya kwenye vijiti, ndani ya kibuyu, yatakaa mpaka uyachoke.

Funga vikavu mafungu madogo, vitundike kichwa chini mahali penye hewa na pasipo jua kwa wiki mbili hadi tatu. Ukivikausha juani rangi hukimbia.

Septemba na Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, miyombo hutoa majani mapya mekundu na ya rangi ya mvinyo. Tawi moja linatosha chumba. Lakini likiwa na maua, likung'ute vizuri nje: nyuki wa Tabora hawafanyi mzaha, na niliwahi kuleta sebuleni kwa mtu tawi lenye wageni sita.

Nipande nini ili nisihangaike?

Zinia. Tangu mbegu hadi ua ni wiki 8 hadi 10. Kwa Krismasi, sia wiki mbili za kwanza za Oktoba na umwagilie mwenyewe, maana mvua bado. Kwa Idd, hesabu wiki 10 kurudi nyuma. Mche ukiwa na jozi tatu za majani, kata ncha yake. Inauma moyo, lakini utatoa matawi mengi na maua ya vikonyo virefu. Alizeti nayo ni rahisi, miezi miwili hadi mitatu kutegemea mbegu. Panda kwa kubanana ukitaka vichwa vidogo vya mezani, maana chenye nafasi kitakuwa kama ungo.

Niko Kigoma. Haya yote yananihusu?

Mengi, ila una utajiri ambao sisi hatuna: mchikichi. Kuti moja la mchikichi lililopasuliwa katikati kwa urefu linapinda juu ya mlango na kuwa upinde kamili. Chunga miiba iliyo kwenye bua la kuti, iparue kwa panga kwanza. Na kuti bichi likianza kukauka linajikunja, kwa hiyo lifunge siku moja kabla ya sikukuu, si wiki moja.

Mjini Kigoma, karibu na ziwa, ni chini na ni joto kuliko Tabora, maua laini hayatakaa sana. Badilisha maji kila siku. Kasulu na Kibondo kuna baridi zaidi na migomba ya kutosha. Soma swali linalofuata.

## Kutengeneza

Kipande cha mgomba kinatumikaje badala ya sponji ya maua?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Sponji ya kijani ya madukani ni plastiki, inatumika mara moja, haiozi, na Tabora huipati kila siku. Mgomba kwa sehemu kubwa ni maji yaliyofungwa ndani ya nyuzi, na baada ya kuvuna mkungu unakatwa tu utupwe.

Chukua mgomba uliovunwa karibuni, kata pingili ya urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kiganja. Menya maganda ya nje mpaka ufikie yale meupe yanayong'aa. Chonga upande mmoja uwe bapa, ili pingili ilale mezani bila kubingirika. Vaa nguo mbovu: utomvu wa mgomba ukikauka kwenye kitambaa hautoki, nina gauni la kitenge lenye ramani ya Afrika mgongoni kwa sababu hiyo.

Ilaze juu ya sinia, maana itavuja usiku kucha. Toboa kwa kijiti cha mishikaki kwanza, kisha ingiza kikonyo kwenye tundu. Ukilazimisha kikonyo bila kutoboa, kitavunjika ndani na hutajua mpaka ua linyauke. Kila tundu liwe na kina cha kidole. Anza na majani ya mwembe pande zote mpaka mgomba usionekane, halafu maua magumu: kana, zinia, alizeti ndogo. Asubuhi na jioni nyunyiza maji juu, na mimina kidogo kwenye matundu.

Kinadumu siku tatu, nne ukiwa na bahati. Siku ya tano kitaanza kunuka kama pombe iliyochacha. Kwa hiyo kitengeneze mkesha wa sikukuu, si kabla.

Taji la mlangoni nalitengenezaje?

Zungusha matawi membamba mabichi yanayopinda, kama ya mpera, uyasokote mpaka upate duara la ukubwa wa ungo mdogo, ufunge kwa waya sehemu nne. Liache likauke wiki moja. Kisha funga juu yake mafungu madogo ya majani, kila fungu likifunika kikonyo cha lililotangulia, yote yakielekea upande mmoja. Usilijaze duara zima kwa maua. Weka rundo moja upande wa chini, kushoto au kulia. Rundo likikaa juu katikati, jirani atadhani umepewa shada la msiba. Kuhusu hilo, tazama swali la mama mkwe.

Taji la Majilio ni nini hasa, na rangi za mishumaa zina maana?

Ni duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, linalowekwa mezani si mlangoni. Unawasha mmoja Jumapili ya kwanza ya Majilio, miwili ya pili, hivyo hivyo hadi Krismasi. Desturi hii ilianzia kwa Walutheri wa Ujerumani: mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern aliwatengenezea watoto wa makao yake huko Hamburg gurudumu la mishumaa ili waache kumuuliza kila siku Krismasi lini. Wakatoliki wakaipokea baadaye, na kwao mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa waridi, unaowashwa Jumapili ya tatu. Ukikosa ya rangi, funga utepe kwenye mishumaa myeupe.

Majilio ni karibu mwezi mzima, kwa hiyo majani badilisha kila Jumamosi. Majani makavu na mshumaa ni moto. Kata utambi mfupi, weka kila mshumaa kwenye kikopo chenye mchanga, na usiondoke sebuleni ukiuacha unawaka, hata kama umeme umekatika na ndio taa pekee.

Chombo cha meza ya chakula kiwe na urefu gani?

Simamisha kiwiko mezani. Maua yasipite kiganja chako. Watu wamekuja kuonana.

## Kutunza

Niweke nini kwenye maji yakae muda mrefu?

Chombo safi kwanza, kilichosuguliwa kwa sabuni. Kinachoua maua ni utelezi wa bakteria unaoziba vikonyo, na hakuna dawa inayoshinda uchafu wa ndani ya jagi. Kwa lita moja ya maji weka kijiko kimoja cha chai cha sukari na viwili vya maji ya ndimu. Wengine hutumia robo kijiko cha jiki badala ya ndimu, nayo inafanya kazi. Ila usichanganye jiki na ndimu, mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu. Sukari peke yake ni karamu ya bakteria, heri uiache.

Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila ukibadilisha, kata kikonyo sentimita moja upya.

Maua yalikuwa mazima usiku, asubuhi yamepukutika yote. Nini kimetokea?

Kabla ya jibu lolote nauliza: maembe yalikuwa wapi?

Mwaka niliojifunza hili nilipamba meza ya Krismasi ya mteja, nikafurahi nayo, nikaona pamebaki nafasi, nikaweka bakuli la maembe mabivu karibu na maua. Rangi zilipatana ajabu. Asubuhi ya tarehe 25 petali zilikuwa zimetanda juu ya kitambaa. Matunda yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ileile inayoivisha ndizi unapozifunika pamoja, na kwa maua gesi hiyo ni amri ya kuzeeka. Desemba nyumba zetu zimejaa maembe, ndiyo maana malalamiko haya huja Desemba. Matunda yakae jikoni, au chumba kingine kabisa.

Kama hapakuwa na matunda, angalia feni iliyoelekezwa kwenye maua, au dirisha la magharibi.

Bogenvilia yangu hunyauka ndani ya saa moja.

Toa majani yote ya kijani, acha sehemu za rangi tu, kisha lizamishe tawi zima kwenye beseni la maji nusu saa kabla ya kulipanga. Chagua matawi yaliyokomaa, yenye kikonyo kigumu. Hata hivyo siku mbili ni nyingi kwake.

Mume wangu hataki maji ya maua ndani, anasema yanaleta mbu.

Ana hoja. Mbu wengine hutaga hata kwenye kopo. Lakini yai huchukua wiki hivi kuwa mbu anayeruka, na wewe unabadilisha maji kila siku mbili, kwa hiyo hawafiki. Mwaga maji ya zamani kwenye udongo mkavu, usimwage kwenye dimbwi la uani. Sahani zilizo chini ya vyungu ndizo zinasahaulika.

Utomvu mweupe ni hatari?

Inategemea mmea. Wa poinsetia na franjipani huwasha ngozi za watu wengine. Pitisha mdomo wa kikonyo kwenye moto wa mshumaa sekunde chache, utomvu utakoma kutiririka. Wa mnyaa, ule wa uzio usio na majani, usiuguse kabisa kwa mapambo hata kama umbo lake linakuvutia: ukiingia jichoni ni balaa. Ikitokea, osha kwa maji mengi na uende hospitali bila kungoja. Oleanda nayo, ile yenye majani marefu membamba na maua ya waridi au meupe, ina sumu kila sehemu, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo iiache nje.

## Maswali ya pembeni

Mama mkwe anasema maua ndani ya nyumba ni ya msiba.

Usibishane naye. Wazee wengi walikutana na maua yaliyofungwa kwa mara ya kwanza juu ya jeneza, na franjipani wameizoea makaburini. Epuka meupe matupu, epuka duara lililojaa maua, changanya rangi na uweke majani mengi. Halafu mwombe yeye akuchagulie tawi kutoka kwake. Mama aliyechuma mwenyewe hasemi tena ni ya msiba.

Sikukuu imekuta msiba kwenye familia. Nipambe?

Majani tu, chombo kimoja, bila rangi kali. Wageni watakuja kwa yote mawili na nyumba itawapokea.

Kwaresima naruhusiwa kuweka maua nyumbani?

Kwa Wakatoliki, kanuni ya kutoweka maua wakati wa Kwaresima inahusu altare, na hata huko ina siku za kuachiwa kama Jumapili ya nne. Nyumbani hakuna anayekukataza. Familia nyingi huweka vikavu mpaka mkesha wa Pasaka, na tofauti ya asubuhi ile inaonekana.

Naweza kwenda porini kukata matawi?

Sehemu kubwa ya misitu inayotuzunguka ni hifadhi, na kuvuna mazao ya misitu humo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu wanaelekeza. Kilichoanguka shambani kwa mjomba wako kinakutosha: matunda ya mninga, maganda, vijiti. Usikate tawi la mti wenye mzinga, ni mali ya mtu.

Si bora maua ya plastiki, yakae miaka?

Yanakaa, na ndiyo shida yake. Kiangazi cha Tabora kinayageuza kijivu kufikia Agosti, na watu wanaacha kuyaona. Kama unayo, yaoshe kwa maji ya sabuni, yafiche, uyatoe sikukuu tu na uyachanganye na majani mabichi ya mwembe. Mgeni atagusa ili ajue lipi ni lipi.

Mbuzi alikula taji la mlangoni. Mbuzi hawali nini?

Nimewahi kuulizwa hili mara tatu. Wanaonekana hawashabikii mikaratusi, lakini sidai kuwasemea mbuzi. Tundika juu.

Sikukuu imepita. Nifanye nini na yaliyobaki?

Mgomba na majani peleka shimoni yaoze, waya na utepe uvitoe kwanza. Zinia usizitupe: kata vichwa vilivyokauka kabisa, vipukuse kwenye gazeti kavu, mbegu ni zile zenye umbo la kichwa cha mshale chini ya petali. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, si ya nailoni, andika rangi na mwezi, ziweke mbali na jiko. Oktoba utazihitaji.